Kwa nini ile gemu kuukuu ya mazombi haiwachoshi vijana

Swali: Nina banda la pley hapa Kaptembwa, Nakuru. Lilikuwa la mume wangu. Alipopata kazi Mombasa akaniachia TV nne, PS3 mbili na PS4 mbili, na mimi mwenyewe sichezi. Mpira hauna shida, unajilipa. Shida yangu ni mazombi. Mwaka jana vijana walinisumbua nilete ile gemu ya mzee mwenye ndevu anayesafiri na msichana. Nikanunua. Wiki mbili banda likajaa, wiki ya tatu hakuna aliyeiuliza. Lakini kwenye PS3 kuna nyingine kuukuu, picha zake nyeusi nyeusi, watu wamejifungia kwenye jumba wanaziba madirisha kwa mbao mazombi wasiingie. Hiyo wanaipigania mpaka leo. Na kila mtu ananiambia ile ya mzee ndiyo kali! Kwa nini moja inawachosha na nyingine haiwachoshi? Ninunue ipi tena, na niwatoze vipi?

Jibu:

Dadangu, nimesoma swali lako nikacheka peke yangu, maana hasara hiyo niliipata kabla yako, tena kwa gemu hiyohiyo. Nilifungua banda langu Manyatta, Kisumu, mwaka 2007, nikiwa na PS2 mbili na benchi la kuazima. Siku hizi naunda gemu ndogo za simu, lakini banda bado lipo na mdogo wangu ndiye anayekaa pale. Kwa hiyo nitakujibu kama mwenye banda kwanza, fundi baadaye.

Tuzitaje kwa majina ili ukienda dukani usiuziwe nyingine. Ile ya mzee na msichana ni The Last of Us. Ilitoka 2013 kwenye PS3, na uliyonayo ya PS4 ni toleo lililosafishwa picha mwaka 2014. Ile ya madirisha, kwa unavyoieleza, ni Call of Duty: World at War ya 2008, na jumba lenyewe linaitwa Nacht der Untoten, Kijerumani cha "usiku wa wafu wasiokufa". Jambo la kuchekesha ni kwamba gemu hiyo iliuzwa kama gemu ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mazombi walikuwa zawadi tu, walifunguka mtu akishamaliza hadithi ya vita. Ni kama upike pilau, wageni waje wagombanie ukoko.

Wanaokuambia kwamba ya mzee ndiyo kali hawakudanganyi. Ni kali kweli. Ila uliwauliza wachezaji, na banda lina swali lake.

Nikupe kisa cha jioni moja. Kwenye TV ya pembeni alikuwa kijana mmoja wa kinyozi, siku ya tano anasafiri na Joel na Ellie, ndio majina ya yule mzee na msichana. Kwenye TV ya katikati, waendesha boda wawili walikuwa ndani ya Nacht, mzunguko wa 23 (kila mzunguko ni wimbi jipya la mazombi), na nyuma yao watu kama kumi wamesimama wameacha hata soda zao. Stima ikapotea. Giza, kelele, matusi ya Kijaluo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wale wa boda wakapoteza kila kitu: bunduki, pointi, mizunguko yote 23. Yule wa kinyozi hakupoteza kitu, kwa sababu gemu yake husevu yenyewe, yaani huhifadhi alipofika, kila baada ya muda.

Kesho yake nilikuta wale wa boda mlangoni kabla sijafungua kufuli. Wanabishana tangu barabarani: kosa lilikuwa kupanda orofani mapema, la, kosa lilikuwa kulipa pesa za sanduku, na wewe uliacha dirisha la nyuma. Wakaanza upya na bastola, kama hakuna kilichotokea. Wa kinyozi naye alikuja jioni akakuta mtoto wa shule ameanzisha mchezo mwingine na kusevu juu ya faili yake. Akaniuliza, "Boss, bunduki zangu ziko wapi?" Nilimpa saa nzima ya bure. Alicheza dakika kumi, akaweka pedi chini, akarudi kwenye mpira. Gemu ile hakuigusa tena.

Kila gemu ya mazombi humpandisha mchezaji ngazi fulani, vinginevyo hakuna atakayecheza. Swali ni ngazi hiyo imewekwa wapi. Ya kijana wa kinyozi ilikuwa ndani ya mashine, kwenye faili. Joel hupata vidonge vya kumwongezea afya, na vipuri vya kuboreshea bunduki kwenye meza ya kazi. Vitu hivyo vilikuwa vya Joel, na vilipofutika kijana alibaki na kumbukumbu ya hadithi ambayo sasa anaijua. Ya wale wa boda walitoka nayo mlangoni, kichwani na vidoleni, na giza halikuweza kuigusa.

Kaa nyuma ya vijana wako siku moja uwatazame wakicheza Nacht, hata kama huchezi, maana hapa ndipo pana utamu. Mchezaji anaanza na bastola na pointi 500. Kila risasi inayompata zombi ni pointi 10. Kumuua kwa kisu ni 130. Ukimwona kijana anampiga zombi risasi za miguu badala ya kichwa usidhani hajui kulenga: anakamua pointi kumi kumi kwanza, ndipo ammalizie kwa kisu. Kila ubao anaoupigilia dirishani ni pointi 10 pia, ndiyo sababu unasikia wakigombana, "Niachie hilo dirisha, wewe tayari tajiri!" Pointi hizo ndizo pesa. Bunduki ya bei nafuu ya ukutani ni 200, mlango wa kwenda chumba cha pili ni 1,000, na kuna sanduku la bahati nasibu la 950 ambalo linaweza kukupa silaha ya maana au takataka. Kila mzunguko wana biashara ya kufanya: nitumie, au niweke?

Na mazombi nao wana hesabu yao. Wa mzunguko wa kwanza ana afya ya 150, na kisu kimoja kinamtosha. Kila mzunguko wanaongezewa 100, mpaka wa tisa wanafika 950. Kuanzia wa kumi hesabu inageuka: sasa ni asilimia 10 juu ya ile ya mzunguko uliotangulia, kama riba ya mkopo wa simu unaoukimbia. Ukifika wa 30, zombi mmoja ana takriban 7,000. Bunduki uliyojivunia inakuwa fimbo ya kuchungia mbuzi. Hakuna kushinda. Gemu haina mwisho mwema, ina kuchelewa kufa tu, na kila anayekufa anajua hasa alikosea wapi. Ujuzi huo ndio unaomrudisha kwako kesho na shilingi zake.

(Sisi watu wa ziwani hatukuhitaji kufundishwa haya. Nyanya yangu, upepo wa nyawawa ukivuma usiku, alikuwa anatutoa sote nje tupige sufuria na mabati mapepo wapite waende zao ziwani. Hakuna aliyewahi kusema tumeshinda. Tulisema wamepita.)

Gemu iliyofikisha jambo hili mbali kuliko zote hutaipata kwa mashine zako, kwa sababu haikutolewa kwenye PlayStation: Left 4 Dead ya kampuni ya Valve, Novemba 2008, ya Xbox 360 na kompyuta. Naitaja kwa sababu ukiielewa utajua cha kutafuta. Watu wanne, Bill, Zoey, Louis na Francis, na ilipotoka walikuwa na safari nne tu za kwenda kuokolewa. Nne! Na hakuna kupanda cheo: aliyecheza saa mia tano anaanza na bastola ileile ya aliyeanza leo asubuhi. Kwa hesabu ya kawaida watu wangechoka kwa wiki moja. Lakini ndani yake waliweka programu waliyoiita mwelekezi. Inawatazama wachezaji jinsi walivyobanwa, inawamwagia kundi la mazombi, kisha inawaacha wapumue, kisha inaamua dawa ziwe chumba gani na lile jitu kubwa, Tank, litokee wapi. Barabara ni ileile, matukio siyo. Nilikuwa na Xbox 360 moja ya mtumba, na vijana walijua kila kona ya hospitali ya safari ya kwanza, lakini bado walifungua milango wakiwa wameshika pumzi.

Halafu walitia chumvi ya mwisho: kundi moja linakuwa watu, jingine linakuwa mazombi, kisha wanabadilishana na pointi zinalinganishwa. Hapo mazombi wanakuwa mpira. Umesema mwenyewe kwamba mpira unajilipa. Hujawahi kujiuliza kwa nini hakuna anayemaliza gemu ya mpira? Ni kwa sababu mpinzani ni mtu, na mtu hasomeki mara moja akaisha.

Sasa usinielewe vibaya ukadhani ngazi za kwenye faili ni ujinga. Nyumbani, kwa mtu mwenye mashine yake, ni tamu sana. Shida yake katika mazombi ni moja, na inaniudhi kama fundi: nguvu zinaua hofu. Mtu anaanza anakimbia zombi mmoja, anamaliza anawafyeka mia kama mahindi makavu, na kilichomleta, ile baridi ya mgongoni, kimekwenda. Resident Evil ya kwanza, ya Capcom mwaka 1996, ililijua hili mapema. Mle ndani ya jumba ukimchagua Chris una nafasi sita za kubebea vitu, ukimchagua Jill una nane, na ndani ya hizo iingie bunduki, risasi, dawa na funguo. Hata kusevu ni kwa gharama: unahitaji utepe wa taipu, na tepe zinahesabika. Mara ya kwanza mtu anatumia saa nyingi kwa sababu anaogopa milango. Mara ya pili anajua ni zombi gani wa kupigwa na yupi wa kupitwa pembeni. Ukiimaliza chini ya saa tatu unapewa roketi isiyoisha. Yaani tuzo ya nguvu inakuja baada ya wewe mwenyewe kuwa mjuzi, haiji badala ya ujuzi.

Dying Light ya 2015 ilijaribu njia nyingine. Mchezaji akikimbia na kuruka paa kwa paa, wepesi wake unapanda, mpaka mwisho anaruka kama tumbili wa Msitu wa Kakamega. Wakaona hofu itakufa, wakauweka usiku: mazombi wa usiku ni wengine kabisa, na ukithubutu kutoka, ngazi zinapanda mara mbili. Ni ujanja mzuri. Lakini mwombe mtu aliyemaliza aanze tena kutoka mwanzo uone atakavyokunja uso, mguu mzito kama wa mtu aliyekanyaga tope la Ahero baada ya mvua.

Kuna waliofanya kurudia kuwe sehemu ya hadithi yenyewe, na hawa ndio nawavulia kofia. Resident Evil 2 ya 1998 ilikuwa na Leon na Claire, siku moja, mji mmoja. Unamaliza na mmoja, kisha unarudi na mwenzake uone alikuwa wapi wakati ule. Kwenye ghala la silaha la polisi kuna bunduki na mkoba wa kiunoni: ukivichukua na wa kwanza, wa pili atakuta kabati tupu. Vijana wangu wa mwanzo walikuwa na memori kadi zao wenyewe, vikadi vya kuhifadhia mchezo, wamezifunga kwenye leso mfukoni kama nauli, na mmoja alikuwa akimlaani mwenzake kwa uchoyo alioufanya yeye mwenyewe wiki iliyopita.

Nyingine ni Dead Rising, ya 2006, iliyorudishwa kwenye PS4 mwaka 2016. Frank West ni mpiga picha aliyenaswa ndani ya jengo la maduka kwa saa 72. Za gemu, siyo za ukutani. Kwa saa yako ni kama sita. Huwezi kuwaokoa wote mara ya kwanza, na waliounda wanajua. Ukishindwa wanakuuliza: unataka kuanza upya na ngazi ulizopata? Ukikubali, hadithi inaanza sifuri lakini Frank ana nguvu za jana, na wewe unajua nani yuko duka gani saa ngapi. Faili na kichwa vinapanda pamoja. Kuna hata tuzo ya kuua mazombi 53,594, ambayo ndiyo idadi ya wakazi wa mji ule. Nilikuwa na mteja mmoja aliyeifuata tuzo hiyo ndani ya gari kule chini ya jengo, anazunguka tu, na nikamwomba aende akaifuatie nyumbani kwao.

Za simu sitakaa nazo sana. Plants vs. Zombies ya 2009 ilikuwa na akili: ukimaliza ngazi zake 50 na kurudia, yule jirani kichaa, Dave, anakuchagulia mimea mitatu kati ya unayopanda, kwa hiyo ukitaka alizeti na mbaazi zako za kawaida lazima ujipange na upuuzi aliokuletea. Ya pili, 2013, ikaja bure, na baadhi ya mimea ikawekewa bei ya pesa halisi. Gemu nyingi za simu zimekwenda huko. Zimeweka ngazi dukani, na mtu akichoka kununua anafuta.

Tuje kwenye pesa zako.

Kwenye PS3, tafuta Resident Evil 5, ya 2009. Watu wawili wanacheza kwa TV moja, skrini ikigawanywa, Chris na Sheva. Ina hadithi, ndiyo, lakini silaha walizoboresha wanarudi nazo sura yoyote wanayotaka, na kuna sehemu iitwayo Mercenaries ambayo ndiyo ya banda hasa: saa inahesabu kurudi nyuma, unaua kadiri unavyoweza, pointi zinaandikwa, mwingine anashika pedi. Imetengenezwa na Wajapani, imewekwa mji wa kubuni wa Kijuju, Afrika Magharibi, lakini adui zake wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili! Siku ya kwanza kuiweka banda zima lilianguka kicheko. Tulikuwa tunapigwa mapanga huku tunasahihisha matamshi. Picha yake ya Mwafrika ililalamikiwa sana ilipotoka, na malalamiko yana haki, nisikufiche. Vijana wako watayaona wenyewe.

Kwenye PS3 hiyohiyo ongeza Call of Duty: Black Ops ya 2010. Ndani ya diski kuna Kino der Toten, jumba la sinema kuukuu, ambalo ni mdogo wa Nacht kwa tabia lakini pana zaidi. Wanaolijua dirisha wataingia bila kufundishwa.

Kwa PS4, nenda Black Ops III, ya 2015. Wawili kwa TV moja, bila intaneti. Mji wa mazombi ulio kwenye diski ni Shadows of Evil, na nakuonya, wiki ya kwanza watalalamika kwamba hauna kichwa wala miguu, kwa sababu una mambo mengi ya kugundua kabla hata hujafika sehemu ya kuboreshea bunduki. Usiirudishe dukani. Akitokea mmoja wa kuijua, atawafundisha wengine kwa majivuno, na hapo imeshika. Ukipata intaneti ya kutosha, kuna kifurushi cha 2017 kiitwacho Zombies Chronicles, ramani nane za zamani zilizopakwa rangi upya, lile jumba la madirisha likiwemo. Hicho hupakuliwa, hakikuja na diski, kwa hiyo anayekuuzia diski kuukuu akiapa kwamba kimo ndani, muulize akuonyeshe kwanza.

Na The Last of Us usiiuze. Asubuhi banda likiwa tupu ndiyo saa yake: mtu mmoja, utulivu, kwa saa, bei ya chini kidogo. Ila fungua akaunti kwenye PS4 kwa kila mteja wa kudumu, kila mtu na jina lake, faili zisikutane. Ni kazi ya dakika tano na haihitaji intaneti. Mimi sikuifanya, na yule wa kinyozi ananikata nywele mpaka leo bila kunisamehe.

Kutoza: mpira unatozwa kwa mechi kwa sababu mechi ina mwisho. Mazombi usiwatoze kwa kifo. Mimi nilianza hivyo, shilingi 20 mpaka mfe, nikaona nimebuni jambo. Kwa wanaojifunza ilikuwa sawa, wanakufa kila dakika nane. Lakini gemu hii inawafundisha wateja wako, na mteja aliyefundishika hafi. Wawili walikaa kwenye TV kutoka magharibi mpaka nafunga, kwa shilingi ishirini ileile, na foleni nyuma yao ikaenda kwa jirani. Toza kwa nusu saa, watu wawili pamoja. Kwangu ni shilingi 30. Muda ukiisha wakiwa katikati ya mzunguko, waachie waumalize, ndipo walipie mwingine au watoke. Ukizima katikati utakosa wateja wawili kwa sababu ya dakika tatu.

Nunua ubao na chaki. Andika mzunguko wa juu wa wiki na majina ya waliofika, ufute kila Jumatatu. Usiandike kwa kuambiwa, vijana ni waongo. Wakifa, skrini yenyewe huandika kwa Kiingereza wameishi mizunguko mingapi, kwa hiyo waite wakuonyeshe kabla hawajabonyeza. Kwangu ubao huo umeleta watu kutoka Nyalenda mpaka Kondele, kwa tuktuk, kuja kufuta jina la mtu wasiyemjua.

Watoto wa shule uwaweke mbali na TV hizo. World at War, Resident Evil 5 na ile ya mzee zote zina alama ya miaka 18 Ulaya, na si kwa ajili ya urembo: damu ni nyingi, na ya mzee ina mambo mazito kuliko damu. Geuza TV ziangalie ukuta wa ndani, si mlango.

Mwisho, pedi. Kwenye PS3, gemu hizo za Call of Duty hufyatua kwa R1, na mbao za dirishani hupigiliwa kwa kushikilia kibonye cha mraba. Hivyo viwili ndivyo vitakavyokufa kwanza, mraba kabla ya R1, kwa sababu wanaushikilia kwa hasira. Usitupe pedi nzima. Mpelekee fundi abadilishe kiraba cha ndani, ni kazi ya bei ndogo, na uwe na pedi moja ya akiba droo ya chini ambayo hawaijui.